Mkalimani wa Mieleka

Jumamosi, 7 Septemba 1996

Nimechoka. Mikono inanuka sabuni mpaka sasa. Mama alikuwa zamu leo. Yeye hufua mashuka ya nyumba ya wageni kule karibu na Ngome ya Yesu, kwa hiyo mashuka yetu nayafua mimi. Tangu Baba aumie mgongo mwezi wa sita, kazi zote za chumba ni zangu. Maji, mkaa, kupiga pasi, kupika. Hesabu za Mwalimu Mkuu nazifanyia darasani wakati wa kula.

Lakini ilipogonga saa kumi na moja nilikuwa mahali pangu — juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ubavuni mwa televisheni ya Bi Saumu.

Bi Saumu ndiye mwenye nyumba. Nyumba yetu hapa Majengo ina vyumba sita na televisheni moja. Kila Jumamosi huisogeza mlangoni pake ielekee ukumbini, na wapangaji wote tunaketi chini kwenye mikeka kutazama mieleka. Watangazaji wanasema Kiingereza, mbio kama cherehani. Mimi nawageuzia kwa Kiswahili. Hawataki kuanza bila mimi!

"Yuwapi Priscah?" huita Bi Saumu. "Ndoo hapa mwanangu, hawa washaanza kubwabwaja."

Majina ya wanamieleka tumeyatunga wenyewe. Kuna Bwana Harusi, anayeingia na suti nyeupe na ua kifuani, kisha anapiga watu kwa kiatu. Na kuna Kuli. Kuli ana kitambi na upara, na umri umeshamwendea. Kazi yake kubwa ni kumbeba mtu begani, kumzungusha, na kumtua. Jina alimpa Baba. Baba naye ni kuli, wa magodauni ya Shimanzi.

Leo Kuli ameshindwa tena. Mara ya tisa. Baba alikuwa amelala mkekani, na mto chini ya kiuno. Mzee Kioko wa chumba cha tatu, mstaafu wa reli, alicheka mpaka akakohoa. Yeye humshangilia Bwana Harusi. Anasema mbaya ndiye mwenye kazi pale, mzuri anangoja kupendwa tu.

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani nilisinzia. Mama alinifinya.

Jumanne, 10 Septemba

Mwalimu Truphosa alitufundisha kufupisha habari bila kuipotosha. Baada ya kipindi nilimwambia kwamba mimi hufanya kazi hiyo kila Jumamosi, ya mieleka. Alicheka, lakini si kwa ubaya. Akaniambia mambo mawili.

La kwanza: atakayeshinda anajulikana kabla hawajapanda ulingoni. Wanakubaliana.

La pili: mkalimani hana kauli yake. Akitia chumvi, amekuwa msemaji wa tatu katika mazungumzo ya watu wawili.

Sikumwambia kwamba nataka kuwa mkalimani wa mahakama. Sijamwambia mtu. Nimeliandika hapa tu.

La kwanza halikunishtua kama nilivyodhani. Nilichoka tu. Njia nzima nikirudi nilijiuliza, basi tunatazama nini?

Jumatano, 11 Septemba

Nilimwuliza Mzee Kioko kama anajua kwamba wanapanga. Alikuwa barazani anakata kucha.

"Nani hajui?" akasema. "Wewe Priscah, ukialikwa harusi, hujui mwisho wake? Si wataoana? Mbona unakwenda? Tena unavaa viatu!"

Nikasema harusi ni tofauti. Akasema tofauti ni pilau.

Nimelifikiria tangu jioni. Harusini watu hawaendi kujua kama wataoana. Wanakwenda kuona bibi harusi atalia vipi, na mama mkwe ataketi wapi, na nani kavaa nini. Pengine mieleka ni hivyo. Ushindi si kitu. Kitu ni namna.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo sikumtazama anayepiga. Nilimtazama anayepigwa.

Ni yeye anayefanya kazi! Bwana Harusi aliinua mguu polepole, hata paka angekwepa. Lakini Kuli alivyoupokea! Kichwa nyuma, mikono ikatawanyika, akaenda chini kama gunia. Akashika kiuno, uso wote ukakunjamana. Watu elfu nzima kule walisimama. Na hapa ukumbini Bi Saumu akafunika mdomo kwa kanga. "Maskini, mwana wa watu!"

Bila uso wa Kuli, ule mguu ulikuwa mguu tu.

Baba naye ana maoni. Alinionyesha kwa kidole: mtazame, anaangukia mgongo wote kwa pamoja, anapiga kofi chini. Amefundishwa kuanguka huyo. Akasema sisi pale Shimanzi tulifundishwa kubeba, kuanguka hakuna aliyetufundisha.

Yeye aliteleza juu ya ubao wa lori akiwa na gunia la sukari begani.

Sasa naandika jambo baya. Mwishoni watangazaji walianza kusemezana juu ya Kuli, wote wawili kwa mara moja. Nilishika maneno matatu: mzee, wiki ijayo, na mwisho. Wote ukumbini walikuwa wananitazama. "Wasemaje?" Bi Saumu akauliza. Ningesema sikusikia. Badala yake nikasema: "Wanasema akishindwa tena Jumamosi ijayo, anafukuzwa kazi."

Ukumbi mzima ukaguna. Hata Mzee Kioko. Baba akajaribu kuketi. Akauliza, afukuzwe kwa kushindwa tu? Nikasema ndiyo, ndivyo walivyosema.

Sijui walivyosema. Nilitia chumvi. Tena fungu zima.

Jumatatu, 16 Septemba

Watu hawazungumzi jingine. Kwenye bomba la maji, chooni, barazani. Mama, ambaye hata hatazami mieleka, ameniuliza kama ni kweli wanamfukuza yule mzee. Bi Saumu anasema atamwombea dua. Mzee Kioko amemwambia dua za mieleka hazifiki, akaambiwa yeye za kwake zilikwama stesheni ya Voi.

Nilitaka kusema kweli jioni. Halafu nikamwona Baba anacheka na Mzee Kioko juu ya mambo hayo. Hajacheka tangu mwezi wa sita. Nikaenda kuchambua mchele.

Nimegundua kitu kingine. Mieleka yenyewe ni saa moja. Lakini siku sita za katikati ndizo zenyewe hasa. Mtu anachota maji huku anangoja. Kungoja kunafanya ndoo iwe nyepesi kidogo.

Kidogo tu.

Alhamisi, 19 Septemba

Majaribio ya Kiingereza: themanini na moja. Nimechoka kiasi kwamba sikufurahi mpaka nilipofika nyumbani.

Jumamosi, 21 Septemba

Naandika haraka, kabla Mama hajaniita.

Saa kumi na nusu alikuja Dishon. Dishon ni nyapara wa Baba, anayepanga watu wa kubeba. Zamani walikuwa kwenye genge moja, wakibeba bega kwa bega. Alileta barua ya kampuni. Ijumaa ijayo Baba aende apimwe na daktari wao. Daktari akiona ni mgonjwa kweli, atapewa nafasi ya kukaa langoni na kuhesabu magunia yanayoingia. Akiona hana kitu, arudi kubeba, au aondoke.

Baba hawezi kubeba. Hata ndoo ya lita tano imemshinda.

Dishon alitaka kuondoka, lakini Bi Saumu akakataa. Kwake mgeni hasimami mlangoni. Alimwekea kiti, akampa kahawa na kaimati. Na Baba — hapa ndipo nilipoona — Baba alipomwona Dishon ameketi, aliuondoa mto chini ya kiuno, akausukuma nyuma ya mlango. Akaketi wima. Jasho linamtoka nyuma ya masikio, lakini wima! Wao makuli wako hivyo. Mgongo haulalamikiwi mbele ya mwenzio.

Mieleka ikaanza. Kuli na Bwana Harusi. Nilitafsiri kwa uangalifu, neno kwa neno, bila chumvi hata chembe. Nilikuwa nimechelewa. Ile ya wiki iliyopita walikuwa nayo vichwani wote.

Kuli alipigwa dakika kumi. Kiatu, kiti, kiatu. Bi Saumu alikuwa ameshageukia ukuta. Halafu Bwana Harusi akajisahau, akaanza kuwapungia mikono watazamaji, na Kuli akamwingia kwa chini. Akamwinua begani. Akamzungusha. Akamtua — pwaa! Moja, mbili, tatu.

Ukumbi ulilipuka! Na Baba akasimama. Alisimama kabisa, mikono yote miwili juu, ngumi zikakaribia boriti, akapaza sauti, "Hafukuzwi! Hafukuzwi mtu!"

Dishon hakuwa akitazama televisheni. Alikuwa akimtazama Baba.

Akaweka kikombe chini. Akamwambia Baba, hongera Kadenge, naona umepona. Akamshukuru Bi Saumu kwa kahawa, akaenda zake.

Jumapili, 22 Septemba

Baba hakuamka. Si kwamba alilala. Hakuweza. Tangu jana magharibi yuko chini, mahali pale pale alipolala baada ya mgeni kwenda. Mama na mimi tulimgeuza kwa shuka, mmoja huku mmoja huku. Nilimsugua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na karafuu. Mgongo wake mgumu kama ubao. Aliuma ncha ya mto ili asipige kelele, kwa sababu Mzee Kioko yuko upande wa pili wa ukuta.

Nilimwambia, Baba, piga kelele, si vibaya. Akatikisa kichwa.

Yule wa kwenye televisheni hujipinda, hulia, hushika kiuno mbele ya watu elfu. Na haumwi, au haumwi sana. Baba anaumwa, na jana aliketi wima.

Sikwenda kanisani.

Jumatano, 25 Septemba

Baba ameanza kutembea leo, kwa kushika ukuta.

Habari zimefika. Dishon amewaambia ofisini kwamba amemwona Kadenge kwa macho yake akirukaruka, mikono juu. Dishon si mwongo. Hilo ndilo baya.

Tena daktari wa kampuni ni mgeni, amekuja juzi kutoka Bara Hindi, Kiswahili chake ni pole na asante. Ofisi ilisema Dishon ndiye atakayetafsiri. Baba amekataa. Amewatumia neno kwamba ana mkalimani wake mwenyewe, humtafsiria kila Jumamosi, na hajawahi kumpotosha.

Nilikuwa nakatakata vitunguu aliponiambia. Ilikuwa bahati, vile vitunguu.

Mwalimu Truphosa amenipa ruhusa ya Ijumaa. Alisema, "Kumbuka, huna kauli yako."

Alhamisi, 26 Septemba

Nimemwambia.

Alikuwa barazani nyuma, anaota jua. Nikasema, Baba, ile habari ya Kuli kufukuzwa niliitunga. Sikuwasikia vizuri. Nisingesema vile, usingesimama, na Dishon asingekuona.

Aligeuza shingo kunitazama.

"Ulinidanganya?"

"Ndiyo, Baba."

"Lakini alishinda."

"Alishinda."

"Kwa hiyo hilo hukulitunga."

"Hapana. Alishinda kweli." Nikamwambia na lile jingine, kwamba kushinda kwenyewe huwa kumepangwa.

Akacheka, akashika mbavu, akaacha kucheka. Akasema hata magunia yamepangwa, lakini uzito ni uzito. Alimwona yule mtu akimwinua mwenzake begani. Kilo mia na zaidi. Kile hakikupangwa na mtu, kile ni mgongo.

Halafu akanishika kisigino, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo. "Kesho usinitilie chumvi. Nisemavyo, sema vivyo hivyo."

Nikasema sawa.

Nimeshukuru. Lakini usingizi hautakuja leo, najua.

Ijumaa, 27 Septemba

Niko Shimanzi, kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Malori yanapita, vumbi mpaka kwenye karatasi. Baba ameketi kando yangu. Dishon amesimama kule kwenye nguzo, kofia mkononi. Tumeambiwa tungoje. Naandika magotini.

Tuliingia saa tatu. Daktari ni mpole, ana miwani. Dishon naye aliingia, kwa kuwa ndiye shahidi wa kampuni. Mwanzo ulikuwa mwepesi. Uliumia lini? Mwezi wa sita, tarehe kumi na nane. Inauma wapi? Hapa, mpaka kwenye goti. Nilitafsiri neno kwa neno. Daktari akaandika. Akamwinua Baba mguu mmoja, mwingine. Baba uso mkavu kabisa. Daktari akaniuliza kama hapo inauma. Nikamwuliza Baba. Baba akasema kidogo. Nikasema kidogo. Kidogo! Na huku shingo imemsimama mishipa.

Halafu likaja lile swali. Je, anaweza kuinua mikono yote miwili juu ya kichwa?

Nikaliuliza kwa Kiswahili. Baba akamtazama Dishon, akanitazama mimi.

"Siwezi," akasema.

Dishon akakohoa. Yeye anajua Kiingereza na Kiswahili, lugha zote mbili, na Jumamosi alikuwa pale. Daktari akageuka kwangu na kalamu yake. Nikafungua mdomo.

Mlango ukagongwa. Mtu amebanwa vidole na mlango wa kontena huko uwanjani. Daktari akachukua mkoba, akatoka mbio, na sisi tukatolewa nje.

Imepita saa nzima.

Baba ameniuliza kwa nini nilinyamaza. Nikasema nilikuwa natafuta neno.

"Neno moja. Siwezi. Kwa Kiingereza hulijui?"

"Nalijua, Baba."

"Basi."

Nikamwuliza polepole, Dishon asisikie: na Jumamosi je?

Alitazama malori matatu yakipita. Akasema ile ilikuwa furaha. Furaha inainua mikono. Gunia haliinuliwi kwa furaha, na kampuni haina gunia la furaha.

Nikamwambia hilo ndilo la kumweleza daktari. Kwamba uliinua mara moja, na ukalala siku tatu. Nilikusugua mimi, naweza kusema. Akasema hapana. Mbele ya Dishon? Aseme alilala sakafuni kama mtoto, akageuzwa kwa shuka na wanawake? Heri siwezi. Siwezi ni neno la mwanamume, limefungwa.

Nimeandika jibu kwa Kiingereza nyuma ya daftari hili. Mara mbili. La kwanza ni fupi, ndivyo alivyosema, na ni uongo. La pili ni refu, hakulisema, na ni kweli tupu. Mwalimu Truphosa hakutufundisha la kufanya hapo. Nikisema la kwanza, Dishon atanikanusha, na Baba atarudi kwenye ubao wa lori. Nikisema la pili, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya mwenzake. Tena sitakuwa mkalimani.

Daktari amerudi. Shati lina damu kidogo. Ametuita kwa kidole, kisha akasema ngoja kwanza anawe mikono. Tumeinuka. Naandika nimesimama mlangoni.

Yaani, mimi nimeinuka. Baba alijaribu. Alipofika nusu alikwama, akanishika bega, na akapiga ukelele! "Mama wee!" Sauti yote. Uso umekunjamana, mkono kiunoni, kichwa nyuma. Karani ametoka nje kuangalia. Dereva mmoja amezima lori. Dishon amekuja hatua mbili na kusimama, anaikunja kofia yake.

Baba hajawahi kulia mbele ya mtu. Hata siku ya lile gunia, walisema alitembea mwenyewe mpaka getini.

Nimemtazama kwa karibu, sijui kama ni kweli. Wiki zote nimejifunza kumtazama anayeanguka, na huyu ni baba yangu, na sijui.

Daktari ameuliza kutoka ndani, bomba likimwaga maji: amesema nini?

Nimemjibu kwamba anamwita mama yake. Hiyo ni tafsiri sahihi.

Sasa amefunga bomba. Anakausha mikono, kidole kwa kidole, na ananitazama mimi. Baba bado yuko begani kwangu. Ni mzito. Nafunga daftari, nimjibu.